Hamsa Ishirini

Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kuingia darasani. Hesabu zake zilikuwa za kuku, za debe za mahindi na za madeni ya kilabuni ambayo babu alimwachia. Lakini alikuwa na namba moja ambayo haikuhesabu chochote. Tukimwaga maji ya mtungi, au tukirudi kutoka mtoni giza limeshaingia, alikaza khanga yake kiunoni na kusema: "Ngojeni baba yenu arudi. Leo mtakula hamsa ishirini." Sisi tulidhani ni jina la adhabu fulani, kama surua ilivyo jina la ugonjwa. Hakuna aliyejua kwamba ni hesabu, na kwamba hesabu hiyo ina mwenyewe.

Nililijua hilo nikiwa nimeshaajiriwa, naandaa somo la Maji Maji kwa mwanga wa chemli. Hamsa ishirini ni ishirini na tano katika Kiswahili cha mabomani enzi za Mjerumani. Ndio idadi ya viboko ambayo serikali yake iliiweka kuwa mwisho kwa mara moja. Amri ya chansela wa Ujerumani ya mwaka 1896 ilisema visizidi 25, na aliyehukumiwa kupigwa tena apumzishwe kwanza majuma mawili. Iliagiza ofisa awepo mtu akichapwa, na daktari pia kama anapatikana. Iliwaondoa wanawake katika adhabu hiyo, ikawaondoa Waarabu na Wahindi. Waliobaki ndio sisi. Bibi alizaliwa Wajerumani wameshaondoka, lakini namba yao ilimkuta, naye akailea pamoja na wajukuu.

Mwaka 2008 nilikuwa nikifundisha Historia na Uraia, darasa la sita na la saba, katika shule moja ya msingi kijijini, mkoani Ruvuma. Mtihani wa kumaliza darasa la saba uliyakusanya masomo hayo pamoja na Jiografia katika karatasi moja ya Maarifa ya Jamii, maswali ya kuchagua herufi. Nilikuwa hodari wa kuwaandaa watoto kwa karatasi ile. Sababu za vita vya Maji Maji? Kodi, kazi za kulazimishwa, kilimo cha pamba, ukatili. Mihimili ya dola? Bunge, Serikali, Mahakama. Watoto waliimba majibu hayo kama wanavyoimba jedwali la kuzidisha, na mimi nilipiga mapigo kwenye meza kwa fimbo yangu ya mpera.

Fimbo ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya walimu wenzangu. Mpera unapinda hauvunjiki, na ukiukausha kivulini unakuwa mwepesi. Nilikuwa na mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, juu ya kabati la ofisi ya walimu. Wiki yangu ya zamu ilijulikana kijiji kizima. Rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu ikishagongwa mara ya pili, aliyekuwa nje ya mstari alikuwa mali yangu.

Jumatatu moja, mwezi wa nane, nilimchapa kijana wa darasa la sita kwa kuchelewa. Ilikuwa mara yake ya tatu. Mwembamba, mrefu, hodari wa hesabu, si mtundu. Nilimchapa vinane. Idadi naijua kwa sababu alivihesabu mwenyewe kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiwalazimisha, na kwenye cha sita akakosea akarudia, nami nikakubali marekebisho yake. Tulicheka, mimi na kiranja. Kijana naye alijaribu kucheka.

Alhamisi ya wiki ile ile tulifika Maji Maji.

Nililipenda somo hilo, na pale tulipo lina mizizi. Songea si mbali, na ndipo zaidi ya watu 60, manduna na wapiganaji wa Kingoni, walipohukumiwa na kunyongwa tarehe 27 Februari 1906. Watoto wengine darasani walikuwa na majina ya koo za walionyongwa. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba historia ni muhimu. Kwao ilikuwa habari ya nyumbani, iliyopotea kidogo njiani. Nilianza na vilima vya Matumbi, Julai 1905, watu wa Nandete waking'oa pamba shambani. Nikaja kwa Kinjikitile pale Ngarambe na maji yake ya dawa, yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, na namna Wajerumani walivyomnyonga mapema, mwanzoni mwa Agosti, kabla vita havijafika hata nusu. Nikafika kwa gavana von Götzen na mbinu yake ya kuchoma ghala na mashamba, mpaka njaa ikafanya kazi ambayo risasi hazikuweza kuimaliza. Wako wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa hiyo.

Watoto waliuliza maswali. Kwanza maji: waliyajaribu kwanza kabla ya kwenda vitani? (Swali la mkulima hilo. Mbegu mpya hujaribiwa kwenye tuta moja.) Kisha nikaingia kwenye "ukatili". Hilo ni neno la mtihani, linafunika kila kitu, kwa hiyo niliamua siku hiyo kulifunua. Niliwaambia maana ya kiboko. Tumezoea kumwita mnyama hivyo, na fimbo hivyo hivyo, na leo mtu akicheza mpira vizuri tunasema huyu kiboko. Kabla ya yote hayo kuchanganyika, kilikuwa ni mjeledi uliokatwa kutoka ngozi nene ya mnyama yule. Mwaka 1907 Bernhard Dernburg, aliyesimamia makoloni kutoka Berlin, alizuru huku akakereka kuona Wazungu wengi wakitembea nao mkononi. Nikawaambia hamsa ishirini. Nikawaambia kwamba maofisa waliziandika adhabu hizo vitabuni mwaka hadi mwaka, na kwamba kati ya 1901 na 1913 waliochapwa kwa hukumu rasmi ni zaidi ya 60,000. Ambazo hazikuandikwa hazina hesabu.

Msichana wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Mwalimu, Mjerumani alikuwa anachapa mwenyewe?"

Hapana, nilisema. Alisimama akaangalia. Aliyechapa alikuwa askari. Na askari walikuwa Waafrika: mwanzoni Wasudani waliochukuliwa Misri na vijana kutoka Msumbiji, baadaye watu wa huku huku kwetu. Darasa lilinyamaza. Hawakulipenda jibu hilo. Nilitaka kuendelea na kodi.

Ndipo kijana wa Jumatatu aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, wangetaka kupiga thelathini?"

"Wangevunja sheria yao. Mwisho ulikuwa ishirini na tano."

Alifikiri. Alikuwa anatafuta hesabu tu. Ningeona hata chembe ya ujeuri usoni mwake ningejua la kufanya, maana dawa ya ujeuri ilikuwa juu ya kabati.

"Na sisi hapa shuleni, mwisho ni vingapi?"

Nimefundisha miaka mingi na nimeulizwa mambo magumu: kwa nini Mungu aliwapa Wazungu bunduki, kwa nini bei ya mahindi anaipanga mnunuzi. Hakuna swali lililonikamata kama lile, kwa sababu lilikuwa rahisi, lilikuwa la somo langu, na nilikuwa sijui. Nilikuwa na cheti cha ualimu, nilikuwa nikifundisha Uraia mwaka wa tano, nilikuwa nimechapa watoto pengine kila siku ya juma, na sikujua sheria ya nchi yangu inaniruhusu vingapi. Ya Mjerumani niliijua kwa mwaka na kwa tarakimu.

"Hilo tutalijadili kipindi kijacho," nikasema. Kila mwalimu anaijua sentensi hiyo, na kila mwanafunzi pia.

Mchana nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Aliinua kichwa kutoka kwenye stakabadhi za michango. "Sita," akasema bila kusita. "Ni sita tangu 1979." Nikauliza kama tunazo kanuni zenyewe. Akatazama rafu. Palikuwa na muhtasari wa Sayansi, ratiba za miaka iliyopita, picha ya Rais aliyestaafu iliyotolewa ukutani na hakuna aliyejua ipelekwe wapi. Kanuni hazikuwepo. Mratibu elimu kata alipopita Ijumaa kwa pikipiki yake nikamuuliza yeye, amekaa bado juu ya kiti chake, helmeti mkononi. "Vinne. Walipunguza 2002. Na mwenye kuchapa ni mwalimu mkuu, au yule aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Na mnaandika, sivyo?"

Alimaanisha kitabu cha adhabu. Tulikuwa nacho. Kilikuwa kwenye droo ya chini, jalada jeusi, na ndani yake kulikuwa na majina ya wazazi waliotoa mahindi ya uji.

Mwanzoni nilicheka, kisha kicheko kikaisha. Serikali iliyokuja kututawala kwa barua ya ulinzi ya mfalme wao, iliyotiwa saini 27 Februari 1885 (miaka 21 kamili, siku ile ile, kabla ya vitanzi vya Songea), ilikuwa na kitabu. Sisi tulio huru tulikuwa na michango ya uji. Sisemi kwamba kitabu kiliwafanya kuwa wema. Mtu anaweza kukuchapa kwa mpangilio mzuri sana, kwa sahihi na muhuri. Lakini kilichonisumbua ni kwamba kijana yule angezaliwa miaka mia kabla, angeweza kumwambia ofisa, basi, vimetimia. Mimi hakuwa na cha kuniambia.

Nilipoanza kuzifuatilia namba hizi zikanipeleka mbali. Mwaka 1963, uhuru haujatimiza hata miaka mitatu, Bunge letu lilipitisha sheria ya kima cha chini cha adhabu kwa wala rushwa na wezi wa aina fulani, na ndani yake mlikuwa na viboko 24. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliikumbushia katika hotuba yake ya Mei Mosi 1995 kule Mbeya, na watu wakaangua kicheko: nusu unavipata ukiingia gerezani, nusu siku ya kutoka, ukamwonyeshe mkeo. Nami nilicheka nilipoisikia redioni. Baadaye nilitoa moja kwa nyingine kwenye karatasi. Mjerumani 25, sisi 24. Tulipunguza kimoja.

Ofisi ya walimu haikuvutiwa na hesabu zangu. "Mcha mwana kulia hulia mwenyewe," alisema mmoja, na wengine wakaitikia. Mwingine akasema watoto wa siku hizi wamechoka kufundishwa, sasa wanataka kutufundisha. Sikuwa na jibu la kuwapa, maana mimi nilikuwa kinara wao. Na tuwe wakweli: darasa langu lilikuwa na watoto 70 na kitu, madawati ishirini, na mwalimu mmoja aliyelala kwenye chumba kisicho na dirisha. Mtu asiyewahi kusimama mbele ya watoto 70 baada ya chakula cha mchana wasichokula asije kunieleza habari za subira. Fimbo ilikuwa kifaa pekee ambacho shule haikuhitaji kuomba wilayani. Ilijiotea.

Lakini jambo lingine lilikuwa limeanza kunitafuna, nalo lilitoka chuo cha ualimu.

Tulifundishwa saikolojia. Mkufunzi wetu, mzee mpole mwenye koti moja la kahawia, alituandikisha Pavlov na mbwa wake, Thorndike na paka wake, Skinner na panya wake, na sisi tukawaita mbuga ya wanyama. Panya wa Skinner niliwakariri vizuri kwa sababu walitoka kwenye mtihani. Katika kitabu chake cha mwaka 1938 anaeleza panya waliozoea kubonyeza kitufe wapate chakula. Chakula kikakatwa. Baadhi yao wakawekewa kitufe kinachowapiga nyayo kila wakikigusa. Hao waliopigwa waliacha kubonyeza upesi, ungesema wameshika adabu. Kipigo kilipokoma, wakarudi kitufeni, na mwishowe jumla ya kubonyeza kwao ilikuwa karibu sawa na ya panya ambao hawakuguswa kabisa. Kipigo kilikuwa kimeahirisha tu. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani, nikapata alama zote, nikaenda kazini nikakata mpera.

Sasa nilichukua daftari la mahudhurio la darasa la sita nikalipanga wiki kwa wiki, yangu ya zamu na ya wenzangu. Nilitegemea kuona wachelewaji wakipungua wiki yangu. Walipungua kweli. Nilijisifu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha nikaangalia safu ya pembeni, ya wasiofika kabisa. Wiki yangu ilikuwa imejaa. Watoto waliokuwa wakichelewa wiki za wengine, wiki yangu walikuwa hawaji. Mtoto aliyesikia rimu ikigongwa mara ya pili akiwa bado ng'ambo ya mto alifanya hesabu nyepesi: nikienda nitachapwa, nikijificha kwenye mahindi mpaka saa ya kutoka hakuna atakayejua. Nilikuwa nimewafundisha kitu, na walikuwa wamekielewa.

Kijana wangu wa Jumatatu alikuwa na M tatu nyekundu wiki yangu iliyotangulia. M ni mtoro. Niliziandika mimi.

Nilinunua kaunta buku mjini kwa fedha yangu. Nikachora safu: tarehe, jina, kosa, sababu aliyoitoa, idadi, sahihi. Mwalimu mkuu alikubali kwa shingo upande, akidhani ni jambo la wakaguzi. Sikuwa nimekusudia kuacha kuchapa, hilo nataka lieleweke. Nilikusudia kuchapa vinne, kisheria, kwa kitabu. Shida ilikuja kwenye safu ya nne. Huwezi kujaza "sababu aliyoitoa" bila kuuliza, na ukiuliza unajibiwa. Mmoja alikuwa anamsubiri mdogo wake amalize dozi ya hospitali. Wawili, ndugu, walikuwa na kaptula moja ya shule, wakivaa kwa zamu. Kijana wangu alikuwa anachota maji madumu manne kabla ya shule kwa sababu mama yake alikuwa amejifungua. Madumu manne, nilikwenda kupima njia mwenyewe, si kazi ya kumalizwa kabla ya jua. Nikishayaandika hayo kwa mkono wangu, nikafika safu ya "idadi", kalamu ilikuwa inaganda. Mara nyingine niliandika vinne nikachapa vinne. Mara nyingine niliandika sifuri. Wapo walionidanganya, bila shaka. Mmoja alimzika bibi yake mara mbili.

Mwalimu mmoja wa darasa la pili, mama wa makamo, hakuwa na fimbo tangu nilipofika pale. Darasa lake lilikuwa na kelele, na sisi tulimsema kwa hilo. Nilikwenda kukaa nyuma ya darasa lake siku mbili, nikisingizia kutafuta ramani. Kelele zilikuwepo. Lakini watoto waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wanamwambia yeye kitu. Wa kwangu walikuwa kimya, na nilikuwa sijui wanawaza nini.

Februari 2009, redio ilileta habari kutoka Kagera. Mkuu wa wilaya ya Bukoba alikuwa amewaamuru polisi wawachape viboko walimu 19 wa shule za msingi, kwa kuchelewa kazini na kwa matokeo mabaya ya mitihani. Ofisi yetu ya walimu ilisimama. Nakumbuka mwenzangu wa "mcha mwana kulia" akipiga meza mpaka chai ikamwagika. Watu wazima! Mbele ya watu! Hata kama wamekosa, kuna taratibu! Kuna barua, kuna tume, kuna haki ya kusikilizwa! Kila alichosema kilikuwa kweli, nami nilimuunga mkono kwa moyo wote. Baada ya siku chache Rais akamwondoa mkuu wa wilaya yule, na tukapongezana kama tumeshinda kesi.

Kipindi kilichofuata nilikuwa na Uraia darasa la saba, haki za binadamu. Nilifungua Katiba, Ibara ya 13, nikawasomea ile sehemu ya (6)(e), inayokataza mtu yeyote kuteswa au kupewa adhabu ya kinyama au ya kumdhalilisha. Niliwaeleza kwamba haki hizi ziliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya 1984. Kijana wangu sasa alikuwa darasa la saba, amekaa dirishani. Nilimwona ananyoosha mkono, kisha anaushusha. Sikumwita. Walikuwa wamezisikia habari za Bukoba wote. Neno "mtu yeyote" lilikuwa ubaoni kwa mwandiko wangu, na chini ya ubao, kwenye kona, ilisimama fimbo ya mwalimu wa Hisabati.

Wakati mwingine nafikiri somo zima la Uraia limo katika kuushusha mkono kule. Nilikuwa nawakaririsha mihimili mitatu ya dola, kwamba haipaswi kushikwa na mtu mmoja, na humo darasani mimi nilitunga sheria, nikahukumu, nikatekeleza, yote kabla ya chai ya saa nne. Mtoto hujifunza serikali ni nini kutoka kwa serikali ya kwanza anayokutana nayo, na kwa wengi wao serikali hiyo ilikuwa mimi. Walijifunza kwamba mkubwa hana kikomo, kwamba ukimuuliza atakijadili kipindi kijacho, na kwamba njia salama ni kukaa kwenye mahindi. Kisha wakikua tunawalaumu kwamba hawaji kwenye mikutano ya kijiji kuuliza mapato na matumizi.

Miaka michache baadaye, nikisoma shahada kwa masafa, nilikutana na jaribio la Stanley Milgram. Lilifanyika Marekani, Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1961. Nililisoma kwenye daladala iliyoharibika njiani, nikasahau kwamba tumekwama. Mtu wa kawaida anaitwa, anaambiwa ni utafiti wa kumbukumbu. Kila mwenzake wa chumba cha pili akikosea jibu, ampige shoti ya umeme, akipanda volti 15 kwa kila kosa mpaka 450. Shoti hazikuwa za kweli na mwenzake alikuwa mwigizaji, lakini yeye hakujua. Anasikia kilio, anageuka, na mtu mwenye koti la maabara anamwambia aendelee. Katika toleo linalotajwa zaidi, 26 kati ya 40 walikwenda mpaka mwisho. Kilichonifunga pumzi hakikuwa namba hiyo. Ni majina. Aliyepigwa aliitwa Mwanafunzi. Aliyebonyeza swichi aliitwa Mwalimu.

Nilimkumbuka msichana wa dawati la mbele. Mjerumani alikuwa anachapa mwenyewe? Na mkuu wa wilaya, naye alishika fimbo mwenyewe? Nikamkumbuka pia yule mama wa darasa la pili, kwa sababu Milgram alirudia jaribio kwa namna nyingi, na katika mojawapo aliweka walimu wawili wa kuigiza, wakagoma katikati wakaondoka mezani. Mara hiyo waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Yule mama hakuwahi kutuhubiria. Aliketi ofisini pamoja nasi akisahihisha madaftari, hana fimbo. Nimejaribu kupima ni viboko vingapi havikupigwa shuleni pale kwa sababu tu alikuwa amekaa pale, na nimeshindwa.

Mimi niliacha kidogo kidogo, bila kuapa, na bila siku maalum. Kaunta buku liliisha nusu, nikahamishwa shule. Jirani zetu Kenya walikwisha kuipiga marufuku fimbo shuleni tangu 2001. Kwetu vinne bado ni halali.

Tarehe 1 Novemba 2023 nilikuwa kwa kinyozi. Televisheni ya ukutani ilionyesha Songea, Makumbusho ya Maji Maji, ambako nimewapeleka watoto mara nyingi kwa lori la kukodi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa amesimama mbele ya wajukuu na vitukuu wa waliouawa. Akasema anaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu zao. Wazee walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wamevaa makoti licha ya joto.

"Miaka mia na ushee," alisema kinyozi, mashine inalia sikioni mwangu. "Msamaha wa nini tena? Alete fedha."

"Si bora amesema," alisema mzee aliyekuwa anangoja zamu. "Wewe ungependa anyamaze?"

"Huyu aliua mtu? Hakuwa hata amezaliwa."

"Ndiyo maana ni rahisi kwake. Mwenyewe aliyetenda ndiye haongei."

Wakaanza kubishana kwa raha, na mteja wa tatu akaingilia habari za fuvu la Nduna Songea Mbano, lililochukuliwa na kupelekwa Ujerumani, ambalo bado linatafutwa. Mimi nilikuwa nimefungwa kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, siwezi kugeuka. Nilikuwa nafanya hesabu. Jumatatu ile nilipiga vinane. Halali ilikuwa vinne, tena kwa idhini ya maandishi ambayo sikuwa nayo, kwa hiyo pengine halali ilikuwa sifuri. Lakini tuseme vinne. Vinane toa vinne. Hivyo vinne vya juu havikuandikwa popote, kwa sababu kaunta buku lilikuwa halijanunuliwa. Viko kwangu na viko kwake.

Anatengeneza pikipiki Tunduru sasa, ana mke na watoto wawili. Tulikutana stendi mwaka 2019, akaniamkia kwa mikono miwili, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia marahaba, tukaulizana habari za nyumbani mpaka basi langu likapiga honi. Namba yake ya simu ninayo.